Soga za Jioni na Kiswahili Kisichotahiniwa

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kutaja mazungumzo yasiyo na ajenda. Kuna soga, gumzo, porojo, domo, maongezi na, kwa wenye nia mbaya zaidi, umbea na udaku. Hotuba hutolewa, hoja hujengwa, shairi hutungwa, insha huandikwa. Soga hupigwa, sawa na porojo na domo. (Ni kweli kwamba kura nayo hupigwa, lakini hiyo ni habari nyingine.) Mtu akiambiwa kuwa kazi yake ni kupiga domo amekwisha kutukanwa, na mwanafunzi akiambiwa na msimamizi wake kwamba pendekezo lake la utafiti limejaa porojo, hana budi kurudi chumbani na kuanza upya.

Dharau hiyo ya kimsamiati imezaa dharau ya kitaaluma. Si ajabu mwanafunzi wa shahada ya kwanza akamaliza miaka minne akichambua riwaya, akipanga nomino katika ngeli na kuchora matawi ya sentensi, bila hata siku moja kutakiwa kukitazama kwa makini Kiswahili anachokiandika yeye mwenyewe kila jioni. Anapotoka katika mhadhara wa sintaksia hutoa simu mfukoni na kuandika sentensi thelathini kabla hajafika bwenini. Sentensi hizo ni data. Hakuna anayezihesabu kuwa hivyo, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba dharau hii inawagharimu wanafunzi na walimu wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Soga inayopigwa kwa simu kati ya marafiki, wengine wasiowahi kuonana ana kwa ana, kuhusu kazi, watoto na vipindi vya televisheni, ndiyo sehemu kubwa ya Kiswahili kinachoandikwa na Wakenya wa kawaida leo. Mkazi wa Kakamega au wa Machakos aliyeandika barua moja kwa mwezi katika miaka ya 1970 ana mjukuu anayeandika mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Ikiwa taaluma ya lugha inahusu lugha jinsi inavyotumiwa na watu, basi taaluma hiyo imeipa kisogo hazina iliyo mlangoni pake.

Ajabu ni kwamba historia ya Kiswahili yenyewe haiungi mkono dharau hii. Miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia ni barua zilizoandikwa Kilwa mnamo mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa. Hizo si tenzi wala hadithi za mitume. Ni watu kuandikiana kuhusu shughuli za wakati wao. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na ambao leo hauwezi kuachwa nje ya mtaala wowote wa ushairi, ni mama aliyekuwa mgonjwa akizungumza na binti yake kuhusu namna ya kuishi na watu na kutunza nyumba yake. Kwa lugha ya leo, ni ujumbe wa malezi. Naye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake kuhusu desturi za Waswahili ilichapishwa Ujerumani mwaka 1903, hakuona aibu kuandika habari za mimba, uzazi na malezi ya watoto. Mambo ambayo akina mama huulizana leo saa nne za usiku wakiwa wamechoka hoi.

Kuna na neno baraza. Asili yake ni kile kibao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, mahali ambapo wenyeji hukaa jioni wakinywa kahawa na kuzungumza lolote linalowajia. Kutokana na kibao hicho kumepatikana baraza la chifu, Baraza la Mawaziri na hata mabaraza yanayosanifisha lugha. Kwa hiyo mlinzi wa usanifu anayekunja uso anaposikia soga ameketi, kwa jina la chombo chake mwenyewe, juu ya kibao cha wapiga soga.

Soga ya kuandikwa kwa simu ilianza Kenya kwa umaskini wa nafasi. Simu za mkononi zilipoenea katika miaka ya kwanza ya 2000, ujumbe mfupi ulikuwa na nafasi ya herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa. Ndipo vijana walipoanza kuandika «cjui» badala ya sijui, «cna» badala ya sina, na «2taonana» kwa maana ya tutaonana. Walimu walilalamika, wazazi wakalalamika, na makala yakaandikwa kuomboleza kifo cha Kiswahili. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba vijana walikuwa wakibana gharama. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Kijana aliyeandika «xaxa» badala ya sasa hakuokoa hata herufi moja. Maneno yote mawili yana herufi nne. Alichokuwa akifanya ni kutia saini: mimi ni kijana, wewe ni mwenzangu, na mwalimu wetu hayupo hapa. Hili ni suala la isimujamii kabisa, la utambulisho na umbali wa kijamii, na kama lingechunguzwa wakati ule lingetoa tasnifu nzuri. Badala yake lilikemewa, na kukemea hakujawahi kuwa mbinu ya utafiti.

Leo nafasi si haba tena, na «xaxa» imezeeka pamoja na waliokuwa wakiiandika. Wao sasa ni wazazi. Wanaandika sentensi ndefu, wanatuma jumbe za sauti, na tahajia yao imerudi karibu na ya vitabuni ingawa sarufi yao ni ya Nairobi, Nakuru na Eldoret. Sarufi hiyo ndiyo inayopaswa kutazamwa bila hamaki.

Chukua kiambishi -nga. Mzazi akiandika kwamba mtoto wake «anaamkanga saa kumi», mwalimu wa sarufi atamsahihisha: sema huamka. Sahihisho ni sawa kwa mujibu wa Kiswahili sanifu. Hata hivyo, hu- ya mazoea haichukui kiambishi cha nafsi. Huamka inaweza kuwa yeye, mimi, ninyi au watoto wote wa mtaa. Hata waandishi wazuri huona upungufu huo ndiposa wakaandika huwa anaamka, wakiirudisha nafsi kupitia mlango wa nyuma. Anaamkanga hufanya kazi hiyo kwa neno moja. Wala kiambishi hicho hakikuokotwa jalalani. Lugha za Kibantu za bara, Kiluhya na Kikuyu zikiwamo, zina viambishi vya mazoea mwishoni mwa kitenzi vyenye sura ya -nga na -aga. Msemaji amekopa kutoka kwa jirani na ndugu wa Kiswahili, si kutoka kwa mgeni wa mbali.

Au chukua «venye», neno ambalo huenda limefutwa kwa kalamu nyekundu kuliko jingine lolote katika insha za shule za upili. «Nieleze venye ulimlaza» humaanisha nieleze jinsi ulivyomlaza. Neno hilo limetokana na -enye, na si peke yake. Mtu huyo huyo atasema «mtu mwenye alikuja», «nyumba yenye tulihama», «mahali penye nafanya kazi». Kwa maneno mengine, -enye imeondoka katika kazi yake ya kuonyesha umilikaji na kuwa kirejeshi, tena kirejeshi kinachofuata upatanisho wa ngeli kwa uaminifu. Isitoshe, kutumia umbo la VI kuonyesha namna ni desturi ya zamani ya Kiswahili sanifu chenyewe: vile, hivyo, vipi, vizuri na vyema zote zimepita njia hiyo. Kinachoitwa ukiukaji wa kanuni ni kanuni nyingine. Mtu anaweza kuikataa isiingie katika kitabu cha kiada, na pengine ana sababu nzuri. Hawezi kusema haipo.

Televisheni nayo imeipa soga ya jioni chakula chake kingi. Kwa miaka mingi vipindi vya Kiswahili vilivyopendwa zaidi Kenya vilikuwa vya kuchekesha. Katika Vitimbi na Vioja Mahakamani, Kiswahili kisicho sanifu kilikuwa mali ya mshamba na mlaghai, na hadhira ilicheka. Benson Wanjau, aliyeigiza Mzee Ojwang' hadi alipozeeka na kufariki mwaka 2015, alijipatia umaarufu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluo ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mluo, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ilikuwa vazi la mchezo. Tamthilia zilizofuata zimebadilisha mambo. Maria, iliyorushwa na Citizen kuanzia 2019 hadi 2021 kila jioni ya siku za kazi, ilikuwa hadithi ya mapenzi na dhuluma, na wahusika wake walilia, wakagombana na kusameheana kwa Kiswahili ambacho watazamaji walikitambua kuwa chao. Ilipokwisha ikafuatwa na Zora, na mwaka 2022 ikaja Sultana, ambayo ilipeleka Kiswahili cha pwani katika sebule za bara, usiku baada ya usiku.

Yanayotokea katika simu wakati wa vipindi hivyo yanafaa kumvutia mwalimu yeyote wa fasihi simulizi. Mmoja amechelewa kazini, hajaona. Anauliza kumetokea nini. Mwenzake anamsimulia: akaingia, akamkuta amesimama mlangoni, akamuuliza mbona uko hapa, yule akanyamaza. Kile kiambishi -ka- ambacho wanafunzi hukikariri kama wakati wa masimulizi na kukitafuta katika hadithi za sungura na fisi kiko hapa, hai, mikononi mwa keshia wa duka la jumla anayesubiri matatu. Mwingine anaingilia kati na kumwomba asimalize, kwa kuwa yeye ataitazama marudio. Wa nne anatoa hukumu: mama mkwe huyo hana utu. Mara moja mazungumzo yanahama kutoka kwa mama mkwe wa televisheni hadi kwa mama mkwe halisi, na hapo ndipo mtu anapogundua kwamba tamthilia ilikuwa kisingizio. Kuna mambo ambayo hayawezi kusemwa moja kwa moja juu ya ndoa ya mtu. Yakisemwa kupitia mhusika, yanasemeka. Fanani na hadhira wamebadilishana nafasi mara tatu katika dakika tano, na hakuna aliyekuwa akitahiniwa.

Kuhusu kazi, soga hufupishwa. Bosi amefanya nini, mshahara umechelewa kwa siku ngapi, nani ameachishwa. Ila kuna jambo moja linalostahili kutajwa: majina ya mambo ya ofisini mara nyingi hubaki katika Kiingereza, nazo hasira, kejeli na faraja zinazoyafuata huja kwa Kiswahili. Mkutano una jina la kigeni. Kuchoshwa na mkutano hakuna. Bronislaw Malinowski alipoeleza mwaka 1923 kwamba kuna usemi ambao lengo lake si kupasha habari bali kuunganisha watu, alikuwa akifikiria mazungumzo ya aina hii hasa. Anayeandika «leo nimechoka, wacha tu» hajatoa habari yoyote mpya. Ameomba kitu, na wenzake wanakijua: watamjibu pole, mwenzetu.

Malezi ndiyo mahali ambapo soga hii inagusa mustakabali wa Kiswahili chenyewe, na ndipo penye uchungu. Serikali ilipozifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wengi wasirudi darasani hadi Januari 2021, wazazi waligeuka kuwa walimu bila kupewa ilani. Tayari mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulikuwa umewazoesha kazi za ziada za watoto zinazohitaji gundi, makopo na magazeti ya zamani saa tatu za usiku. Simu zilijaa. Mama Fulani aliuliza kama kuna mtu anayejua gredi ya pili walitakiwa kuchora nini. Baba Fulani, ambaye kwa kawaida hunyamaza wiki nzima, alituma picha ya daftari la mtoto wake. Ushauri wa dawa ya kikohozi, malalamiko kuhusu yaya aliyeondoka bila kuaga, hofu ya mzazi ambaye mtoto wake wa miaka mitatu hajaanza kuongea. Yote hayo yaliandikwa kwa Kiswahili kilichochanganywa hapa na pale, chenye huruma na ucheshi mwingi.

Wapo pia ambao kwao soga si maneno juu ya malezi. Ndiyo malezi yenyewe. Mwanamke aliyekwenda kufanya kazi za nyumbani Riyadh au Doha na kumwacha mtoto kwa nyanya yake hulea kwa simu. Huuliza kama mtoto amekula. Hutuma sauti ya kumwimbia. Huambiwa mtoto ameng'oka jino, akalia peke yake chumbani mwa watu. Kiswahili anachotumia kuandikia marafiki zake walio katika nyumba nyingine za mji uo huo, Wakenya, Waganda na Watanzania, kimelazimika kueleweka na wote. Huenda kikawa Kiswahili cha Afrika Mashariki kweli kuliko kile kinachojadiliwa katika makongamano yenye jina hilo. Hakuna aliyekwenda kukisikiliza kwa niaba ya idara.

Sasa kuna kitendawili. Mzazi yule yule wa Nairobi anayeomba ushauri kwa Kiswahili, anayecheka kwa Kiswahili, anayeandika kwa Kiswahili kwamba ada ya shule imemkaba koo, huweka simu chini na kumgeukia mtoto wake kwa Kiingereza. Kiswahili ni cha watu wazima wakiwa wametulia. Kiingereza ni cha mtoto na maisha yake ya baadaye. Mzazi huyo alisoma katika shule ambamo mwanafunzi aliyepatikana akisema Kiswahili au lugha ya mama alivishwa au kukabidhiwa kile kipande kilichoitwa disk, akakibeba hadi ampate mkosaji mwingine. Disk imeondoka shuleni kwa wengi, ikahamia sebuleni. Katiba ya 2010 inasema katika kifungu cha 7 kuwa Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kuwa ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtoto wa sebule hiyo atakutana na lugha yake ya taifa kama somo, siku ya Jumanne, kati ya Hisabati na mapumziko. Atajifunza kwamba wingi wa uteo ni teo kabla hajawahi kutaniwa kwa Kiswahili na mtu anayempenda.

Mtaalamu wa Kiswahili anayelalamikia matokeo mabaya ya somo hilo angefanya vyema kuanzia hapo. Kiswahili hakijaondoka nyumbani. Kimo nyumbani, mezani, ndani ya simu iliyowashwa. Kinachokosekana ni hatua tatu kutoka mkononi mwa mama hadi sikioni mwa mtoto. Ni kwa nini hatua hizo hazipigwi? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kuhesabu makosa ya upatanisho. Linahitaji mtu anayejua wazazi huambiana nini wanapodhani hakuna mkaguzi.

Wanaopinga utafiti wa soga wana hoja, na hoja yao yenye uzito ni ya darasani. Wanasema mwanafunzi aliyezoea kuandika anavyosema ataandika hivyo katika mtihani. Ni kweli, wapo. Ila mwanafunzi anayeandika «cjui» katika insha rasmi hajaharibiwa na simu. Hajafundishwa kutofautisha sajili. Na hapa mfumo unajishtaki wenyewe, kwa sababu sajili hufundishwa. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ilitenga alama kumi kwa isimujamii, na watahiniwa waliulizwa sifa za sajili ya mahakamani, ya hospitalini, ya mtaani, ya simu. Walichofanya ni kukariri orodha. Lugha hukiuka kanuni za kisarufi. Kuna kuchanganya ndimi. Kuna kutumia msamiati maalumu. Orodha hiyo hiyo, ikibadilishwa neno moja, iliwafaa wauza samaki, makondakta na madaktari. Mwanafunzi angeweza kupata alama nane kuhusu sajili ya sokoni bila kukumbuka hata sentensi moja aliyowahi kusikia sokoni.

Wasomi wa kigeni hawakuwa na kiburi hicho. Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha mwaka 1974 makala kuhusu jinsi wazungumzaji wanavyopokezana zamu, na data yao ilikuwa mazungumzo ya kawaida ya Wamarekani. Carol Myers-Scotton alitoa mwaka 1993 kitabu kuhusu sababu za kijamii za kubadili msimbo, kitabu ambacho wanafunzi wa Kiswahili hukinukuu mpaka leo, na mifano yake mingi ilitokana na maongezi ya wakazi wa Nairobi. Basi soga za Nairobi zilikwisha kufaa kujengea nadharia miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Wanafunzi wa Nairobi huisoma nadharia hiyo, huitumia kuchambua riwaya, kisha huambiwa kuwa soga si data. Inafaa kuongezwa kwamba Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde, walipoandika mwaka 1997 kuhusu Sheng na Engsh, walionyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na watu wa hapa hapa.

Kipo kikwazo kingine, na hiki hakipaswi kupuuzwa kwa ushabiki. Soga ya marafiki ni siri ya marafiki. Aliyeandika kuhusu mimba iliyoharibika hakuwaandikia wanaisimu. Mtafiti anayejiunga na kundi la akina mama, akanyamaza miezi mitatu akinakili, kisha akatokea na tasnifu, ni mdukuzi hata akiwa na shahada. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatambua hilo, ingawa maadili yalilitambua kabla ya sheria. Njia ya haki ni ya polepole. Mtafiti huanza na maandishi yake mwenyewe, huomba ridhaa ya kila aliyemo, huondoa majina, maeneo na namba, humrudishia kila mtu nafasi ya kufuta anachotaka kifutwe. Atapata data chache kuliko mdukuzi. Vilevile atalazimika kueleza kwa watu wa kawaida, kwa lugha yao, ni kwa nini maneno yao yana thamani. Mtihani ambao watahiniwa wengi wa uzamili hawajawahi kuufanya.

Haraka iliyopo ni ya kweli. Jumbe fupi zilizoandikwa Kenya kati ya mwaka 2000 na 2010 karibu zote zimekwisha kupotea. Kadi za simu za wakati huo zilihifadhi jumbe chache tu, na kila mpya ulipobisha hodi ilibidi wa zamani ufutwe. Katika wiki zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, simu zilibeba jumbe za chuki zilizosambazwa mtaa hadi mtaa, na pia zilibeba maelfu kwa maelfu ya «uko salama?» na «usitoke leo» kati ya majirani wa makabila mbalimbali. Zile za chuki zilizungumziwa sana. Zile nyingine hazikuhifadhiwa na yeyote. Mtu anayetaka kujua leo Wakenya walivyofarijiana kwa Kiswahili Januari 2008, walitumia salamu gani, waliitana nani, walimaliza vipi ujumbe ambao huenda ungekuwa wa mwisho, atategemea kumbukumbu za waliokuwapo.

Hali ya sasa si bora sana. Simu huanguka majini, huibwa katika matatu, huuzwa. Makundi yaliyojaa wakati wa korona yamevunjwa au yamebaki na matangazo ya harambee. Wakati huo huo, kila tarehe 7 Julai, tangu ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, Siku ya Kiswahili Duniani huwakutanisha wanafunzi wa vyuo kwa mashairi, ngonjera na fulana zilizochapishwa nembo. Na mipango ya siku hiyo, nani ataleta maji, nani amekwama barabarani, nani hajalipa mchango wake, huandikwa usiku kucha kwa Kiswahili hai ambacho hakitasomwa jukwaani. Idara yenye kabati la kuwekea tasnifu ina nafasi ya kuweka diski moja ya soga zilizotolewa kwa ridhaa. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kuanza muhula ujao, na waanze na za kwao.